Kutoka Düsseldorf hadi Sellafield: Safari ya Kuufuata Wimbo Mmoja

Ijumaa, Düsseldorf

Mtaa wa Mintropstraße uko karibu na kituo kikuu cha reli, na mtu asiyejua anachokitafuta atalipita jengo namba 16 bila hata kugeuza shingo. Hapo ndipo ilipokuwa studio ya Kling Klang, ambamo kundi la Kraftwerk, likiongozwa na Ralf Hütter na Florian Schneider, lilirekodi mwaka 1975 albamu ya Radio-Aktivität, iliyouzwa nje ya Ujerumani kwa jina la Radio-Activity. Studio ilikwisha kuhamishwa miaka mingi iliyopita, na sikuja kuhiji. Nilitaka kuanzia pale wimbo ulipoanzia, kisha niufuate hadi kwenye mitambo uliyokuja kuitaja, ili nipime dai ambalo wapenzi wa muziki huu hulirudia kwa furaha: kwamba muziki wa kielektroniki ndio uliowafanya watu wa Ulaya waichukie nishati ya nyuklia.

Usiku huu nimeisikiliza albamu yote kwa mpangilio wake. Inafunguliwa na mapigo ya kipima mionzi, ambayo mwanzoni yako mbalimbali, kisha yanakaribiana hadi yanageuka kuwa mdundo. Wimbo unaofuata, wenye jina la albamu, unamtaja Marie Curie, unapitisha milio ya Morse, na juu ya yote hayo unaelea uimbaji wa kwaya ambayo haikuwahi kuingia studio, kwa kuwa ilitolewa na kinanda kiitwacho Vako Orchestron, kinachosoma sauti kwa mwanga kutoka kwenye diski ya plastiki. Anayetafuta lawama katika toleo hilo la kwanza hataipata, na sifa pia hataipata. Mionzi inatajwa kwa utulivu uleule unaotumika kuyataja mawimbi ya redio, ambayo ndiyo nusu ya pili ya maudhui ya albamu. Jalada nalo lina picha ya redio ndogo ya bei nafuu ya mwaka 1938, aina ambayo serikali ya Wanazi iliisambaza ili sauti yake ifike kila nyumba. Kwangu mimi jalada hilo ndilo onyo pekee lililomo, nalo halihusu atomu.

Kinachonishangaza ni tarehe. Februari 1975, miezi kadhaa kabla albamu haijatoka, wakulima wa mizabibu na wanakijiji wa Wyhl, kusini-magharibi mwa nchi, walikwisha kuuvamia uwanja uliotengwa kwa ajili ya kinu cha nyuklia na kukataa kuondoka. Kinu hicho hakikujengwa hadi leo. Kwa hiyo wakati vijana wa Düsseldorf walipokuwa wakiipa mionzi sauti ya kupendeza na isiyoegemea upande wowote, wakulima wa Wyhl walikuwa na msimamo tayari.

Jumamosi, Kalkar

Treni hadi Kleve, kisha basi. Nchi ya huku ni tambarare kabisa, yenye malisho, ng'ombe na mto Rhein uliotulia nyuma ya tuta lake, na ndiyo maana mnara wa kupozea unaonekana mapema sana, ukiwa umechorwa milima yenye theluji katika eneo lisilokuwa hata na kilima.

Kinu cha Kalkar, SNR-300, kilianza kujengwa mwaka 1973. Kilikuwa kinu cha kuzalishia mafuta ya ziada, chenye plutoniamu ndani yake, na kilipaswa kupozwa kwa sodiamu iliyoyeyushwa, yaani metali ambayo huwaka ikikutana na hewa na hulipuka ikikutana na maji. Ujenzi ulikamilika mwaka 1985, sodiamu ikatiwa kwenye mabomba, na bado kibali cha mwisho cha kuingiza mafuta hakikutolewa. Machi 1991 mradi ukafutwa baada ya kumeza takriban marki bilioni 7. Mfanyabiashara wa Kiholanzi akalinunua eneo hilo katikati ya miaka ya 1990 na kulifanya uwanja wa michezo, wenye hoteli ndani ya majengo yaleyale ya zege.

Niliingia ndani ya mnara. Katikati yake imesimikwa bembea ya mviringo, ambayo hupanda na watu wake huku ikizunguka hadi inachungulia juu ya ukingo, kisha hushuka tena kwenye kivuli. Kwa kuwa mnara ni wazi juu na kuta zake ni za zege tupu iliyopinda, kila sauti hurudi mara nyingi: kicheko cha mtoto huzunguka ukuta wote, na mnyororo wa bembea hutoa mlio mrefu ambao mtu wa sinthesaiza angeulipia fedha. Nilipiga kofi moja na kuhesabu marudio mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Spika zilikuwa zikipiga muziki wa dansi wa kawaida, wenye mdundo wa kielektroniki usio na ujumbe wowote, na hakuna aliyekuwa akiusikiliza.

Waliokiua kinu hiki wanajulikana. Septemba 24, 1977, makumi ya maelfu ya waandamanaji walikuja hapa, wengi wakisimamishwa na kupekuliwa barabarani na polisi. Mkulima wa jirani aliipeleka serikali mahakamani na kesi ikafika hadi Mahakama ya Katiba. Baadaye, Aprili 1986, ikaja ajali ya Chernobyl, na serikali ya jimbo la Nordrhein-Westfalen ikawa na sababu ya ziada ya kukizuia kibali. Nyimbo ziliimbwa, bila shaka, lakini ziliimbwa kwa magitaa. Hata tamasha kubwa kuliko yote ya upinzani wa aina hii, lililofanyika Burglengenfeld Julai 1986 dhidi ya mtambo wa kuchakata mafuta ya nyuklia wa Wackersdorf na kuvuta zaidi ya watu 100,000, lilikuwa la wanamuziki wa roki, akina Udo Lindenberg na Herbert Grönemeyer.

Kraftwerk waliubadilisha wimbo wao mwaka 1991, mwaka huohuo Kalkar ilipofutwa. Katika albamu ya The Mix waliongeza amri ya kusimamisha mbele ya jina la wimbo, na wakaweka orodha ya mahali: Chernobyl, Harrisburg, Sellafield, Hiroshima. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu toleo la kwanza.

Jumapili, njiani kuelekea Wendland

Treni ilichelewa, treni ya kuunganisha ikaondoka bila mimi, na mchana wote ukaishia vituoni. Niliitumia nafasi hiyo kuitafakari ile orodha. Hiroshima ilipigwa bomu. Haikuwa na mtambo wa umeme. Kuiweka kwenye mstari mmoja na Harrisburg, ambako Machi 28, 1979 kinu cha Three Mile Island kiliyeyuka nusu bila kuua mtu papo hapo, ni kumwambia msikilizaji kwamba bomu na balbu ya nyumbani ni ukoo mmoja. Labda ni kweli, maana mitambo ya kwanza mingi ilijengwa kwa ajili ya plutoniamu ya mabomu. Lakini wimbo hautoi hoja. Unapanga majina tu kufuata mdundo, na msikilizaji anajikuta amekubali. Vilevile Mayak, kule Urali, ambako tangi la taka lililipuka mwaka 1957 na kuwekwa daraja la 6 katika kipimo cha kimataifa, juu ya Harrisburg iliyopewa daraja la 5, halimo. Baada ya 2011 nafasi ya Hiroshima ilichukuliwa na Fukushima, na hivyo orodha ikabaki na vituo vya nyuklia peke yake. Kwa maoni yangu ilipata ukweli zaidi hapo, ingawa sijui kama hiyo ndiyo iliyokuwa nia.

Jumatatu, Gorleben

Katika bustani za nyumba nyingi za Wendland, eneo la mashambani la kaskazini mwa Ujerumani, bado imesimama misalaba ya mbao yenye umbo la X, iliyopakwa rangi ya manjano, mingine ikiwa imeoza miguu na kuegemezwa upya. Ni alama ya siku ambayo shehena ya taka za nyuklia ingewasili. Mapipa ya Castor, yaani yale ya kubebea taka hizo, yapatayo 113 yamehifadhiwa kwenye ghala la Gorleben, mengi yakiwa yametoka La Hague nchini Ufaransa, na treni ya mwisho, ya Novemba 2011, ilichukua zaidi ya saa 120 kufika kwa sababu ya watu waliojilaza na kujifunga kwenye reli. Eneo la chumvi lililo chini ya ardhi hapa, lililochaguliwa mwaka 1977 kuwa kaburi la taka hizo, liliondolewa kwenye orodha mnamo Septemba 2020.

Mama mwenye nyumba niliyolala ni mkulima mstaafu. Alinionyesha picha ya trekta la baba yake likiwa Hanover, mwisho wa Machi 1979, kwenye msafara ulioondoka hapa na kupokewa na watu wapatao 100,000, siku chache tu baada ya Harrisburg. Mwezi Mei mwaka huo waziri mkuu wa jimbo, Ernst Albrecht, alitamka kwamba mtambo wa kuchakata mafuta yaliyotumika usingeweza kujengwa Gorleben kwa sababu za kisiasa. Nilimwuliza kama muziki wa mashine ulikuwa na nafasi yoyote. Alicheka, akasema kwamba vijana walikuja nao baadaye, miaka ya mapipa, wakitoka Hamburg na Berlin na malori yenye spika, na kwamba usiku wa Novemba mtu aliyekaa relini kwa saa nyingi huhitaji supu na kitu cha kumfanya achezeshe miguu. Kwake yeye huo ndio mchango wa tekno: uliwapasha watu joto. Aliutaja kwa heshima, pengine zaidi ya niliyokuwa nayo mimi.

Akanikumbusha kitu kingine, redio. Mei 1980 waandamanaji walijenga kijiji cha mbao juu ya kisima cha uchunguzi namba 1004 na kukitangaza kuwa jamhuri huru. Kilidumu hadi Juni 4, polisi walipokibomoa. Ndani yake kulikuwa na kituo cha redio kisicho na leseni, Radio Freies Wendland. Kule mpakani mwa Ufaransa, kituo kingine cha siri kilikwisha kuanza mwaka 1977 dhidi ya kinu cha Fessenheim, nacho baadaye kikawa Radio Dreyeckland. Basi ile ndoa ya redio na mionzi iliyowapendeza Kraftwerk kama wazo la sanaa ilikuwa ikifungwa kikweli na watu wenye transmita ndogo, wakibeba antena vilimani na kuzima mitambo kabla gari la polisi halijawagundua. Kama kuna kifaa cha elektroniki kilichobadilisha fikra za watu kuhusu nyuklia katika nchi hii, mimi ningekitaja hicho kwanza.

Jumanne, Berlin

Ukumbi wa dansi wa Tresor ulifunguliwa Machi 1991, mwezi uleule wa kifo cha Kalkar, ndani ya vyumba vya kuhifadhia fedha vya duka kubwa lililokufa. Tangu 2007 umo katika mtambo wa zamani wa joto wa Berlin Mashariki, Köpenicker Straße. Zege, nguzo, giza na besi inayotikisa mbavu. Hapa mashine haishitakiwi hata kidogo. Inapendwa, mradi iwe imezimwa na kutolewa boilari zake. Tekno haina maneno ya kusema ndiyo wala hapana, na sikupata cha kuongeza kwenye daftari langu isipokuwa kwamba niliondoka saa kumi alfajiri.

Jumatano na Alhamisi, Berlin hadi Brussels

Safari ndefu, na masikioni nilikuwa na rekodi za Japani. Ryuichi Sakamoto, aliyeanzisha Yellow Magic Orchestra pamoja na Haruomi Hosono na Yukihiro Takahashi mwaka 1978, ndiye mwanamuziki wa kielektroniki aliyeingia katika suala hili kwa miguu yote miwili. Mwaka 2006 alianzisha kampeni dhidi ya mtambo wa kuchakata mafuta wa Rokkasho, miaka mitano kabla ya Fukushima. Julai 7 na 8, 2012, siku chache baada ya kinu namba 3 cha Ohi kuwashwa upya, aliandaa tamasha la No Nukes huko Makuhari Messe, Chiba, ambako Kraftwerk waliimba wimbo wao kwa maneno ya Kijapani yaliyoitaja Fukushima.

Wiki moja baadaye, Julai 16, alihutubia mkutano mkubwa katika bustani ya Yoyogi, Tokyo. Waandaaji walisema watu walikuwa 170,000, polisi wakasema 75,000. Hapo ndipo alipotamka kwamba umeme, hata hivyo, ni umeme tu, na akauliza kwa nini maisha yahatarishwe kwa ajili yake. Wapinzani wake waliruka: mtu aliyejipatia jina kwa sinthesaiza anawezaje kuudharau umeme? Nimeusikiliza ubishi huo mara nyingi na bado naona wote wawili wanalikwepa jambo. Jumba la Makuhari lilipokuwa likiwaka taa usiku ule, karibu vinu vyote vya Japani vilikuwa vimezimwa, na gesi iliyoagizwa kwa meli ndiyo iliyobeba mzigo. Wajapani hawakugeuzwa na tamasha. Waligeuzwa na Machi 11, 2011. Tamasha liliwapa watu waliokwisha kugeuka mahali pa kuonana, jambo ambalo si dogo katika nchi ambako kuandamana kulikuwa kumekuwa nadra. Hata maandamano ya Kōenji ya Aprili 10, 2011, yenye malori ya madijei, yaliandaliwa na wauza vitu vya mitumba.

Brussels nilishuka kwa sababu ya Atomium. Mipira yake tisa, yenye kimo cha mita 102, inaonyesha fuwele la chuma lililokuzwa mara bilioni 165, na ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1958. Katika maonyesho hayohayo kampuni ya Philips ilikuwa na banda lililobuniwa na Le Corbusier na Iannis Xenakis, na ndani yake wageni walisikia kazi ya kielektroniki ya Edgard Varèse ikizungushwa kwenye mamia ya spika ukutani, huku picha zikitupwa kwenye kuta hizohizo, wingu la mlipuko wa atomu likiwa mojawapo. Banda lilibomolewa Januari 1959; Atomium imebaki na huuza tiketi. Nilisimama chini yake kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mwaka uliofuata maonyesho, chama cha SPD cha Ujerumani kilifungua programu yake ya Godesberg kwa matumaini makubwa kuhusu nguvu ya atomu. Ala za kielektroniki na vinu vilikuwa watoto wa tumaini moja, na vifaa vya studio ya redio ya Köln, iliyoanzishwa mwaka 1951, vilikuwa vilevile vya maabara: jenereta za mawimbi, vichujio, vipimo. Muziki huu haukuzaliwa ukiwa mpinzani. Uliupata upinzani baadaye, tena kwa kuchelewa.

Ijumaa, Manchester

Juni 19, 1992, katika ukumbi wa G-Mex, uliokuwa kituo cha reli, U2, Public Enemy na Kraftwerk walipiga muziki kwenye tamasha la Greenpeace dhidi ya Sellafield 2, mtambo wa kuchakata mafuta ya nyuklia yaliyotumika, uliojulikana rasmi kama THORP, katika kituo cha nyuklia cha Sellafield, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Katika maonyesho yao ya miaka iliyofuata, Kraftwerk waliutanguliza wimbo kwa sauti ya mashine iliyosoma takwimu: tani 7.5 za plutoniamu kila mwaka, na mionzi sawa na ya Chernobyl kila baada ya miaka minne na nusu. Ulinganisho huo wa pili haunipendezi. Kriptoni-85, ambayo mtambo kama huo huitoa kwa wingi, ni gesi isiyoungana na kitu, hutawanyika, na nusu-uhai wake ni miaka kama 10.7, ilhali iodini na sesiamu za Chernobyl ziliingia kwenye maziwa na mboga. Kuhesabu bekereli, yaani vipimo vya mionzi, za hivi na za vile kwa jumla moja ni kumfundisha msikilizaji hesabu mbaya kwa sauti nzuri.

Kutoka hapo hadi mahali ulipokuwa ukumbi wa dansi wa Haçienda ni mwendo mfupi. Sasa ni jengo la makazi. Kundi la New Order, waliokuwa wamiliki wenza wa ukumbi huo, walichukua kwaya ya wimbo wa Kraftwerk kuhusu uraniamu na kuiweka ndani ya Blue Monday, mwaka 1983. Kwa miongo zaidi ya minne watu wa dunia nzima wamecheza kwa sauti ya uraniamu bila atomu hata moja kuwapitia kichwani, na sidhani kama kuna ushahidi mzuri zaidi wa uwezo wa muziki huu wa kubeba kitu na kukiachia njiani.

Jumamosi, Sellafield

Treni ya pwani ya Cumbria hukaa ufukweni kabisa, bahari ikiwa chini ya dirisha. Mtambo una kituo chake cha reli. Minara ya kupozea ya Calder Hall, kituo kilichofunguliwa na Malkia Elizabeth II Oktoba 1956, ililipuliwa mwaka 2007, kwa hiyo kinachoonekana ni msongamano wa majengo, winchi na uzio. Juni 20, 1992, asubuhi baada ya tamasha, U2 walishuka ufukweni hapa kwa mashua wakiwa na mavazi meupe ya kinga na mapipa ya mchanga uliochafuliwa, kwa kuwa mahakama ilikuwa imepiga marufuku maandamano kwenye eneo la mtambo. Picha zilienea duniani. THORP ikafunguliwa mwaka 1994 hata hivyo.

Iliacha kuchakata Novemba 2018, baada ya uvujaji mkubwa wa ndani uliogunduliwa mwaka 2005 na baada ya wateja kwisha. Mtambo jirani wa mafuta mchanganyiko ya plutoniamu na uraniamu ulifungwa kufuatia tangazo la Agosti 2011, kwa sababu wateja wake Wajapani walikuwa wamepotea pamoja na Fukushima. Ujerumani nayo ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho Aprili 15, 2023, na katika kura ya maoni ya shirika la utangazaji la ARD ya wiki hiyo asilimia 59 ya waliohojiwa walisema ulikuwa uamuzi usiofaa, vita vya Ukraine na bei ya gesi vikiwa vimebadilisha hesabu. Wimbo ulikuwa bado unaimbwa vilevile.

Nikirudi niliketi karibu na fundi mmoja wa umri wa kati, mwenye kitambulisho cha kazi shingoni, mmoja wa watu zaidi ya 10,000 wanaoishi kwa mtambo huu. Kazi yake ni ya kubomoa, na mpango mzima wa kusafisha eneo umepangwa kufika mwaka 2125. Nilipomweleza ninachokifuata, alisema kwamba yeye ni mpenzi wa Kraftwerk tangu ujana na amewaona jukwaani zaidi ya mara moja. Alikuwa na lalamiko moja, kwamba zile takwimu zilisema mtambo "utazalisha", ilhali sasa wao wanalinda tani kama 140 za plutoniamu ambazo hakuna anayezitaka, na hilo halina wimbo. Nikamwuliza alijisikiaje jina la mahali pake pa kazi lilipotajwa ukumbini kati ya Harrisburg na Fukushima. Akasema watu wote waliokuwa karibu naye walipaza sauti, naye akapaza kuliko wote, kwa sababu hakuna msanii mwingine aliyewahi kuutaja mji wao.